Ubao wa Tano

Saa kumi na mbili jioni nilishuka ziwani kusoma maji, kama kila siku. Nilikuwa na daftari, penseli na simu. Kazi yenyewe ni ya dakika tano. Kuna mbao sita zenye namba, kila mmoja mita moja, zimesimikwa mmoja chini ya mwingine kufuata mteremko mpaka ndani ya maji. Unaangalia maji yamegusa namba gani, unaandika, unapiga simu ofisi ya maji mjini. Wao humwambia mlinzi afungue lango la kutolea maji kiasi gani.

Kazi hii ilikuwa ya mume wangu. Watu walimwita Bwana Kipimo, na alipozama nikarithi kazi na jina. Mama Kipimo, wakaniita, na wengine walicheka kabla hawajakumbuka kwamba nina msiba.

Alikwenda na mtumbwi kunyoosha ubao wa tatu uliokuwa umeinama. Mtumbwi ulirudi wenyewe. Wapiga mbizi walimtafuta siku tatu, wakakata tamaa. Mmoja wao alinivuta pembeni, akaniambia, "Dada, kule ubao wa tano niligusa kitu. Mtu au gogo, sijui. Tope lilinizidi."

Toka siku hiyo sikulala. Mwenye kaburi hulia akanyamaza. Mimi nilikuwa na maji tu ya kutazama.

Basi jioni ile maji yalikuwa katikati ya ubao wa pili. Nikapiga simu. Karani alikuwa mpya, msichana mwenye sauti ya usingizi.

"Soma, dada."

Nikasikia mdomo wangu ukisema maji yamepanda mpaka ubao wa kwanza.

"Haya. Tutamwambia mlinzi aongeze."

Hivyo tu. Ningeweza kulishusha ziwa zima kwa kusema uongo, na hakuna ambaye angekuja kuangalia.

Nikafunga daftari. Ndipo nikasikia, kutoka majini, kwa sauti ya mume wangu, chini chini...

"Bado kidogo."

Nilisimama pale mpaka mbu wakanichoka. Sikusikia tena.

Nyumbani nilimkuta baba mkwe kitandani, alipo tangu miguu imwishie nguvu. Nilimpa uji, nikamwambia nilichosikia. Nilimficha nilichofanya, lakini mzee yule alikuwa ananisoma kuliko nilivyosoma mbao zangu.

"Umefungulisha lango," akasema.

"Nataka kumzika, baba."

"Hata mimi. Ni mwanangu." Akaweka kikombe cha uji chini. "Unajua ziwa hili lilikujaje?"

Nilijua. Kila mtu hapa anajua. Baba mkwe alipokuwa kijana, mlima uliporomoka baada ya mvua ya wiki mbili, ukauziba mto. Maji yakarudi nyuma yakapanda, polepole, kwa siku nyingi. Nyumba kumi na tisa zilikuwa zimeshafukiwa, na maji yakaja kufunika juu yake. Miaka mingi baadaye watu wa ofisi wakachimba mfereji na kuweka lango, ili ukuta ule wa udongo usije ukapasuka. Wakatuachia amri moja: maji yasishuke zaidi ya sentimita kumi kwa siku. Udongo ulioshiba maji ukinyang'anywa ghafla, huanguka.

"Hiyo ni ya wataalamu," baba mkwe akasema. "Mimi nakwambia ya kwangu. Mama yangu yuko kule. Wadogo zangu wanne wako kule. Hawakuoshwa, hawakulazwa, hawakuagwa. Maji ndiyo yamewashika. Ukiyatoa hutaletewa mmoja tu."

Nikamwitikia, "Ndiyo, baba." Kesho yake nikadanganya tena.

Sijitetei. Mfa maji hushika maji, na mimi nilikuwa nashika chochote. Siku ya pili ubao wa pili ulibaki mkavu. Siku ya tatu tope lilianza kuonekana, jeusi, lenye nyufa, na harufu ikaja. Nilitegemea harufu ya samaki waliooza. Haikuwa hiyo. Ilikuwa harufu ya moshi wa kuni, kama vile mtu anapika mahali karibu.

Siku ya nne nilisikia kinu. Du... du... du... Mtu anatwanga, chini ya maji.

Na kila nikimaliza kupiga simu, sauti ile.

"Bado kidogo."

Siku ya tano nilimjibu. Nikamwambia, "Nakuja, mume wangu. Vumilia." Nililia njiani nikirudi, na nilikuwa na furaha vilevile, na sijui hata sasa ni kipi kilizidi.

Jioni ya sita ubao wa tano ulikuwa umetoa kichwa.

Alikuwa pale.

Alisimama kwenye maji, yamemfika kifuani, amenipa mgongo, mkono mmoja umeshika ubao. Shati lake lile la buluu. Nilivua viatu nikaingia kwenye tope. Likanimeza mpaka magotini. Nikajikokota hatua tatu, nne...

Nikaita jina lake.

Hakugeuka. Lakini nyuma yake maji yakatikisika, na kichwa kikatoka. Kikafuata kingine. Wanawake. Wazee. Mtoto amebebwa mgongoni. Walisimama kwa mstari ulionyooka, kama watu kwenye foleni ya zahanati, kila mmoja ameweka mkono begani kwa aliye mbele. Na aliye mbele ya wote alikuwa mume wangu.

Wakasema kwa pamoja, kwa sauti moja, ile yake:

"Bado kidogo."

Nilirudi kinyumenyume, nikaanguka, nikatambaa mpaka kwenye nyasi. Mikono yangu ilijaa tope, simu ikawa inateleza. Nikapiga ofisini.

"Funga lango," nikamwambia karani. "Lote. Nimekuwa nikidanganya. Maji yako ubao wa tano."

Nikasikia anafunua karatasi.

"Sasa nimsikilize nani, dada? Mumeo ametoka kupiga sasa hivi. Amesema maji yamevuka ubao wa kwanza, yanakaribia kumwagika. Nimeshamwambia mlinzi afungue lango lote."

"Mume wangu?"

"Ndivyo alivyojitambulisha. Amesema wewe umechoka, leo amesoma yeye."

Nitasema ukweli, kwa kuwa uongo wangu umeshafanya kazi yake. Sikuogopa. Kwa muda wa pumzi moja nilifurahi, kwamba bado ananionea huruma.

Kisha ardhi ikanguruma.

Nilikimbia nyumbani. Nilimshika baba mkwe mkono, tukakaa gizani tukisikiliza ukuta wa udongo ukikatika na maji yakienda. Bondeni walisikia mapema, wakakimbilia juu. Hakufa mtu, ila mashamba yao yalikwenda, na siku hizi nikikutana nao natazama chini. Maji yalipokwisha kupita, pakawa kimya.

Halafu miguu. Imelowa. Mingi.

Chwa... chwa... chwa...

Ilipita nje ya ukuta wetu. Baba mkwe alianza kutaja majina, moja moja, kwa kunong'ona. Mama yake. Wadogo zake. Mwisho akamtaja mwanawe.

Asubuhi ziwa lilikuwa shimo la tope. Mhandisi alikuja, akapima, akaeleza yale yale ya udongo ulioshiba. Kuhusu simu, alisema karani mgeni alichanganya siku. Huenda. Walichimba mwezi mzima wakakuta mawe ya misingi, vyungu, vinu viwili. Mfupa hata mmoja hawakuukuta. Ubao wa tano ulikuwa umesimama wima, na chini yake hapakuwa na gogo wala mtu.

Lakini mimi nilikuwa nimetoka nje kabla ya mhandisi. Niliziona nyayo kabla jua halijazikausha. Zilipanda kutoka ziwani kwa mstari mmoja, zikapita hatua mbili kutoka mlangoni kwetu, zikaenda barabarani. Za mbele zilikuwa za buti za mpira, za mwanamume anayekanyagia kisigino. Nilizikagua kwa magoti, nikitafuta mahali zilipopunguza mwendo, mahali zilipogeuka hata kidogo.

Hazikugeuka.

Ndani, baba mkwe aliniita.

"Zilisimama mlangoni, mwanangu?"

"Zilisimama, baba," nikamwambia. "Kwa muda mrefu."

Alifumba macho, akashukuru. Kisha akaniomba nisitie komeo tena jioni, mwanawe asije akakuta pamefungwa. Na mimi sifungi.