Fundi wa Matroni

Siku hiyo Matroni alitoka nyumbani akiwa amekwisha kasirika. Hata chai hajamaliza, binti yake alimpigia simu: "Mama, kwa kuwa uko tu nyumbani, nipitie kwa fundi cherehani unichukulie sare za watoto." Kikombe bado kiko mkononi, akapiga simu kifungua mimba wake, meneja wa benki: "Mama, kwa kuwa huna kazi, kanisubirie mtu wa umeme pale kwangu."

Uko tu. Huna kazi. Mwanamke aliyesimamia wodi ya wazazi miaka nenda miaka rudi, aliyekuwa akiwakaripia madaktari na ndevu zao na wakanywea, alikuwa hajatimiza hata mwaka tangu astaafu, na tayari watoto aliowazaa walikuwa wamemfanya tarishi. Shida yake yeye ilikuwa moja tu, bomba la jikoni lililokuwa likidondosha maji usiku na mchana. Kila mmoja wao aliahidi kuleta fundi. Fundi mwenyewe hakuonekana, na ahadi zikaendelea kuja kwa simu.

Basi akaamua kwenda mwenyewe kununua mpira wa kuzibia. Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika, kwa kuwa ulikuwa mwisho wa mwezi. Watu walisukumana na makopo ya rangi, na hewa ilijaa vumbi la saruji. Matroni alisimama kwenye foleni na gauni lake la zambarau, miguuni viatu vyeupe vya hospitali alivyokataa kuachana navyo. Zamu yake ilipokaribia, mwanaume mmoja akampita ubavuni, akaenda moja kwa moja hadi kaunta.

"Wewe baba! Foleni huioni, au miwani hiyo ni ya urembo?"

Mwanaume akageuka. Alikuwa mtu wa makamo yake, mvi zimechanwa vizuri, shati la samawati limenyooshwa kwa pasi mpaka kola.

"Samahani, mama. Nilidhani foleni inaanzia huku."

"Inaanzia mlangoni. Kwani wewe umeingilia dirishani?"

Watu wakaangua kicheko. Mwanaume akarudi nyuma yake bila kununa.

"Nimefundisha jiografia maisha yangu yote," akasema. "Wanafunzi waliniita Ramani. Dunia nzima naijua, dukani napotea."

"Basi maskini wanafunzi wako, wako wapi sasa hivi?"

"Na wewe bila shaka ulikuwa polisi."

"Matroni. Wodi ya wazazi."

"Heri ungekuwa polisi."

Matroni alitaka kukasirika zaidi, lakini kicheko kikamponyoka. Akajikuta anamweleza habari za bomba, za watoto wenye shughuli, na za marehemu mume wake. Ramani naye akamwambia kuwa ni mjane, anaishi peke yake ghorofani, na binti yake humtembelea akipata likizo.

"Hilo bomba niachie mimi," akasema kwa kujiamini. "Mambo ya bomba nayajua kama kiganja changu."

Hapo ndipo uongo ulipoingia, msomaji. Mwalimu hakujua bomba wala baba yake bomba. Alikuja kununua msumari mmoja wa kutundikia saa ya ukutani, na hata huo alihitaji kuulizia urefu. Lakini mwanaume akipenda ghafla huota ufundi ambao hakuzaliwa nao.

Kuanzia hapo simu ya Matroni ikapata mlio mwingine.

"Matroni wangu, bomba limeamkaje?"

"Linadondosha."

"Liache lidondoshe kidogo. Likipona, nitakuja kwako kwa kisingizio gani?"

"Kwani lazima uje?"

"Nisipokuja nitapotea. Unajua ugonjwa wangu."

Wakawa wanakutana mjini, katika zilezile safari za kutumwa. Ramani alimsindikiza kwa fundi cherehani, akamshikia mkoba kwenye foleni ya kulipia bili ya maji, akakaa naye barazani kwa mwanawe wakimsubiri mtu wa umeme ambaye hakutokea. Matroni akaanza kupaka rangi ya mdomo kabla ya kwenda kununua sabuni. Kwa mara ya kwanza tangu astaafu, siku ikawa fupi.

Kitu kimoja tu kiliwagombanisha.

"Utawaambia lini watoto wako?" Ramani aliuliza siku moja.

"Nitawaambia."

"Lini? Matroni mzima unawaogopa watu uliowabadilisha nepi?"

"Simwogopi mtu! Nasubiri wakati mzuri."

Alimwogopa mtu. Baba yao alipozikwa, kifungua mimba alisimama mbele ya ukoo akasema kuwa mama yao sasa ni amana ya watoto wake, na hakuna mwanaume mwingine atakayekanyaga nyumba ile. Watu walipiga makofi, na Matroni mwenyewe alitikisa kichwa kukubali. Sasa maneno yale yalimkaba. Alijua akifungua mdomo kutaitwa kikao, na shangazi zao wataletwa kumnasihi kama msichana aliyetoroka shule.

Jumamosi moja Ramani akaja na ovaroli mpya, bado ina mikunjo ya dukani, na spana aliyoazima kwa jirani.

"Leo namaliza kazi, mpenzi. Nimechoka kuwa fundi wa mdomo."

Akaingia chini ya sinki. Akakaza, akalegeza, akapiga mluzi. Maji ya nyumba nzima hakuyafunga, maana hakujua kama hufungwa. Mara bomba likang'oka, maji yakaruka mpaka darini, yakashuka juu ya jiko, juu ya unga, juu ya gauni la zambarau. Matroni akapiga yowe, Ramani akajaribu kuziba kwa kiganja kilekile alichokisifia. Na hapohapo, bila hodi, mlango wa mbele ukafunguliwa. Watoto wote wawili walikuwa wamekuja kumsalimia mama.

Kifungua mimba alikimbilia nje akafunga koki kubwa. Aliporudi viatu vyake vya ofisini vilikuwa vinalia maji.

"Mama, fundi gani huyu asiyejua hata kufunga koki? Umemtoa wapi?"

Ramani alisimama katikati ya bwawa, miwani imejaa matone, akamtazama Matroni. Alisubiri tu, kama mwalimu aliyeuliza swali jepesi na anajua mwanafunzi wake ana jibu.

"Fundi tu," Matroni akasema. "Nimemwokota dukani."

"Zee zima halina haya!" mwanawe akafoka. "Toka, mzee, kabla sijakuitia polisi!"

Matroni alisikia mtu wake akitukanwa na hakufumbua mdomo. Ramani akavua miwani, akatafuta mahali pakavu pa kuifutia, asipate. Akaokota spana yake.

"Samahani kwa usumbufu, mama," akasema.

Asubuhi ileile alikuwa amemwita mpenzi. Akatoka kwa mlango wa nyuma, wanakotokea vibarua.

Watoto walipoondoka, Matroni alipiga deki kwa hasira mpaka mpini wa fagio ukavunjika. Alimkasirikia mwanawe kwa ule mdomo wake. Alimkasirikia Ramani kwa kujifanya fundi. Lakini hasira kubwa kuliko zote haikuwa na mtu wa kumtupia ila yeye mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyomchoma. Akapiga simu.

"Umenuna?"

"Mama, ukihitaji fundi tafuta mwingine. Wa kuokota wamekwisha."

"Na wewe je? Si ulisema bomba unalijua kama kiganja? Umenifanyia jiko langu ziwa!"

"Ndiyo, nilidanganya. Nilidanganya habari za bomba. Wewe umedanganya habari zangu."

"Nilishtuka, Ramani."

"Kumwita mtu kibarua hakuhitaji kushtuka. Kunahitaji aibu. Unanionea aibu, Matroni."

"Nisikilize..."

Simu ikakatwa. Akapiga tena, ikaita mpaka ikachoka. Kesho yake vivyo hivyo. Maji yakimwagika hayazoleki, walisema wenye kusema, na Matroni aliyatazama mabaka ya maji ukutani akaona kweli hayazoleki.

Juma lililofuata watoto wakarudi. Bomba lilikuwa limetengenezwa na fundi wa kweli, aliyeletwa na meneja wa benki kwa mbwembwe. Wakakaa sebuleni, chini ya picha ya baba yao. Binti akajikohoza.

"Mama, tumezungumza, tumeamua. Kukaa peke yako ni hatari, umeona mwenyewe ulivyomwingiza yule tapeli. Hii nyumba tuipangishe, wewe uhamie kwangu. Tena dada wa kazi ameondoka, watoto hawana wa kuwaangalia, na wewe uko tu."

Jamani, yale maneno mawili! Laiti angeyaacha, huenda mama yao angevumilia mpaka leo. Matroni alisimama, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya wodini, iliyokuwa ikisikika mpaka geti la hospitali.

"Mmeamua? Nani amewatuma kuamua? Mimi niko wapi, kaburini?"

"Mama, tunakujali..."

"Mnanijali? Lini mmekuja hapa mkaniuliza nimelalaje kabla ya kunituma? Mimi siko tu! Nina miguu, nina akili, nina nyumba niliyoijenga na baba yenu kwa jasho. Na yule mzee mliyemfukuza hakuwa fundi."

"Hata sisi tuliliona hilo," kifungua mimba akanong'ona.

"Kaa kimya! Alikuwa mpenzi wangu."

Kikombe cha binti kikagonga sahani. Kifungua mimba akatazama picha ya baba yake, kana kwamba anamwomba ashuke ukutani amsaidie.

"Mama! Kwa umri huo?"

"Umri upi? Si ndio huuhuu mnaonizungusha nao mjini kutwa nzima? Wa kubeba sare bado kijana, wa kupenda ndio umezeeka?"

Matroni akainyoshea kidole ile picha ya ukutani.

"Baba yenu nilimpenda, na nilimuuguza mpaka pumzi ya mwisho, mkiwa mnapiga simu kuuliza hali. Sina deni naye, wala sina deni nanyi. Sihami. Sare ziko kwa fundi cherehani, kazichukueni wenyewe. Mlango mnaujua."

Akawaacha na midomo wazi, akaenda kuvaa gauni la zambarau.

Ramani alikaa ghorofa ya tatu. Matroni alipanda ngazi akihema, magoti yanalalamika, hasira inamsukuma. Mlango ulifunguliwa na mwanamke kijana aliyevaa aproni, macho yaleyale ya Ramani yakimtazama. Yule binti alikuwa amekuja likizo.

"Baba, una mgeni."

Ramani akatokea na ndala, kifungo cha shati kimefungwa tundu lisilo lake. Alipomwona, uso ukakunjamana.

"Huyu nani, baba?" binti akauliza.

Matroni akajikaza. Alijua hukumu inayomstahili. Aliisubiri imshukie mbele ya binti yule na mbele ya majirani waliokuwa wakipandisha mizigo yao ngazini.

"Muulize mwenyewe," Ramani akasema. "Kutambulisha watu si kazi yangu. Mimi fundi tu."

Majirani wakasimama. Mizigo ikawekwa chini.

"Mimi ni Matroni," akasema, na hakupunguza sauti. "Baba yako ni mpenzi wangu. Wanangu walimtukana mbele yangu, nami kwa woga nikamkana, nikamwita kibarua. Tangu siku ile najichukia. Leo nimewaambia wanangu, sasa nakuambia wewe, na hao wa ngazini nao wasikie wakatangaze. Nataka anioe. Kama hataki, aseme hapahapa, anifedheheshe kama nilivyomfedhehesha."

Mtu mmoja chini akaguna.

"Umesikia alichosema?" Ramani akamuuliza binti yake.

"Nimesikia, baba. Jengo zima limesikia."

"Mimi sikusikia vizuri. Arudie."

"Usinichezee, mwanaume wewe!" Matroni akawaka. "Nimepanda ghorofa tatu na magoti haya!"

"Ahaa. Sasa nimekusikia." Pembe ya mdomo wake ikatikisika, akaibana. "Lakini usidhani yamekwisha. Bado nina hasira na wewe."

"Na mimi nina hasira na wewe. Unga wangu wote umeloa!"

"Basi ingia. Tukasirikiane tukiwa tumekaa."

Binti akapisha mlango, mkono mdomoni, akizuia kicheko. Sebuleni, kando ya kiti, saa ya ukutani ilikuwa imeegemezwa sakafuni, na ukuta juu yake umetobolewa matundu matundu kama uliopigwa risasi. Msumari uleule wa dukani ulikuwa umelala juu ya meza, umepinda.

Matroni akautazama ukuta, kisha akamtazama mtu wake.

"Hii ndiyo kazi yako?"

"Nimejitahidi."

"Lete nyundo. Na usiguse kitu chochote tena katika maisha yako."

Ramani akaitoa kabatini, lakini hakumpa. Aliishika nyuma ya mgongo wake, na macho yake, yaliyokuwa makavu siku zote hizo, sasa yaling'aa.

"Jibu ni ndiyo," akasema. "Nalisema sasa hivi, kabla hujashika nyundo."