Shaba ya Kiunoni mwa Noëlla

Cheka tu, meno yako ikauke. Ulisoma kwamba sarafu ya shaba inageuka rangi sababu ya jasho, chumvi na moshi. Nani amekukatalia? Hata Mukandori, mulima maharage wa huku Masisi, alilijua hilo bila masomo. Nyamaza sasa, usikie jini lilivyoingia kwake.

Tangu kuzaliwa, binti yake Noëlla alivaa kiunoni, kwenye uzi, sarafu ya wakati wa Wabelgiji, yenye tundu katikati. Miaka kumi na tisa jasho la mutoto liliipika: kwanza kahawia kama maharage, halafu kijani pembeni, na kuzunguka tundu zambarau kama shingo ya njiwa. Homa ikamuua Noëlla njiani, karibu na Itebero, akazikwa hukohuko. Wapita njia walimletea mama yake uzi na shaba. Basi.

Siku ya kuondoa matanga, vitu vya marehemu vinaoshwa. Wifi ya Mukandori, Byukusenge, aliishika ile sarafu kwa ncha za vidole.

"Dada, hii kutu njo utaonyesha wageni? Watasema kwetu sabuni haifikaka."

Mukandori akaisugua kwa ndimu na majivu mpaka ikawa nyekundu kama kichanga. Maji machafu akayamwaga kwenye migomba. Ndiko alikomwaga mwanawe, lile jasho la miaka yote, kitu pekee alichokuwa amebakiza kwake.

Kesho yake mchana, mvua ikinyesha, uzi wa ile sarafu ulianza kukwaruza mezani wenyewe. Nyumba ikanuka jasho la msichana aliyetoka shambani. Na rangi zikarudi, kahawia, kijani, zambarau, kazi ya miaka kumi na tisa kwa muda wa kuchemsha chai, na meza ikalowa chini yake, na mdomo wa Mukandori ukajaa ladha ya chuma, na pumzi ya baridi ikamkaa shingoni, naye badala ya kukimbia akalia kwa furaha.

"Mama," ilinong'ona sauti ya Noëlla kabisa. "Niko nasikia baridi. Univae."

Akauzungusha uzi kiunoni. Kabla ya kufunga fundo akauliza, polepole:

"Mutoto wangu, siku ulienda Itebero, nilikuambia nini?"

"Uliniambia unanipenda, Mama."

Akaacha kufunga fundo. Siku ile waligombana juu ya mwanaume, naye alimpigia kelele: "Enda, na usirudie tena hapa!" Noëlla wake asingelisahau hilo.

"Univae, Mama. Nakupenda."

Hakuna uongo aliowahi kuutamani namna ile. Akaiweka shaba mezani, akatoka kwenye mvua, akafunga mlango.