Mahindi Mazuri Niliyapeleka Kanisani

"Verediana! Unamwaga uji wa mtoto?!"

Nilimkamata mkwe wangu nyuma ya zizi, kikombe mkononi, mbwa analamba chini.

Jamani... Mjukuu wangu Renatus ana mwaka na miezi minane, kusimama hawezi, nywele zimekuwa nyepesi rangi ya kutu. Kumbe mama yake ndiye anamnyima!

"Mama, nisamehe..."

"Muuaji! Rudi kwenu Getanuwas. Mtoto muache."

Akaenda analia. Mwanangu yuko mbali kazini, hakuwepo wa kumtetea.

Nikamlisha mwenyewe. Asubuhi uji, jioni uji. Unga wangu wa lishe, mahindi na karanga, na sala juu yake.

Wiki ya tatu akaacha hata kulia. Anakutazama tu...

Nikambeba mpaka zahanati, na unga nikauchukua.

"Shikamoo bibi. Mtoto anakula nini?"

"Marahaba. Huu hapa."

Nesi akaunusa. "Mahindi yalikuwaje?"

"Yalinyeshewa, yakapata ukungu. Nikayaosha, nikaanika, nikakaanga."

"Mazuri hukupata?"

"Nilichambua nikapeleka sadaka ya mavuno. Mungu hapewi makapi."

Akaufunga unga, akausogeza mbali na mtoto.

"Bibi, ukungu unaacha sumu, tunaiita sumukuvu. Maji hayaitoi, moto hauimalizi. Siwezi kusema ni hiyo peke yake, ila inaweza kuwa imechangia."

Nikampigia Verediana. "Ulijua?!"

"Nilionja, mama, ni mchungu. Ningekuambiaje, na kanisa zima linausifu unga wako?"

Nilimwomba msamaha. Amerudi. Sasa Renatus anasimama akishika stuli, ingawa kwa kimo wenzake wamemwacha.

Mngependa niishie hapo, eh?

Unga ule niliwagawia mama wanne wa jumuiya yetu.

Watatu nimewaambia, wakaumwaga.

Wa nne ni Hilda. Yeye alishamzika binti yake Januari. Kila Jumapili ananishika mkono: "Asante mama, aliupenda sana uji wako."

Jana nilikwenda kwake. Nikamweleza yote.

"Kwa hiyo ni uji?"

"Sijui, Hilda. Nesi naye hajui."

Akanitazama... Akafunga mlango polepole, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto.

Wewe unayesoma, mahindi ya ukungu yafukie leo. Usimpe mtoto, hata kuku usimpe. Usije ukasimama mlangoni kwa mwenzako huna la kumjibu ila "sijui".