Kizibo Kisichotazamwa

Kila Jumamosi asubuhi, Chapuchapu alikuwa wa kwanza kufika karakana ya shangazi yake. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu alifanya kila kitu mbio. Chai aliinywa ingali inaunguza ulimi, na kamba za viatu alizifunga huku anatembea. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Shangazi yake alikuwa fundi wa injini za boti, mwanamke mfupi mwenye mikono iliyojaa grisi na maneno yasiyo na kona. Kwa miezi mitatu alikuwa amemfundisha Chapuchapu na kaka yake kusoma dira, kufunga mafundo, na kutambua rangi za maboya. Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Wangetoka na boti ndogo ya shangazi mpaka boya la kijani, ng'ambo ya miamba. Kaka angeendesha kwenda, Chapuchapu angeendesha kurudi. Hakuwahi kushika usukani maishani mwake!

"Kwanza ukaguzi," shangazi alisema, akampa karatasi na kalamu. "Vitu kumi. Unaona kwa macho, unagusa kwa mkono, ndipo unaweka alama ya vema. Sawa, mama?"

"Sawa, shangazi!"

Jaketi za kuokolea, tatu. Vema. Nanga na kamba yake. Vema. Mafuta, ndoo, filimbi, dira. Vema, vema, vema, vema. Alipofika namba kumi, ya mwisho, akasita. Kizibo.

Kizibo hicho kilikuwa kidogo kama kidole gumba. Kilifunga tundu lililo chini kabisa, nyuma ya boti. Boti ikiwa nchi kavu juu ya trela, kizibo hufunguliwa ili maji ya mvua yatoke. Kabla ya kuishusha majini, lazima kirudishwe. Ili kukiona, ilibidi mtu apige magoti nyuma ya trela na kuchungulia.

"Wewe, tunakwenda leo au mwakani?" kaka yake alipiga kelele kutoka kwenye gari.

"Bila shaka shangazi amekirudisha," Chapuchapu alijiambia. Akaweka vema, akakimbia kumpa shangazi karatasi.

Walipoishusha boti majini, ziwa lilikuwa limetulia. Kaka alikaza mwendo, boti ikainua pua na kupaa juu ya maji. Chapuchapu alishangilia mpaka sauti ikakauka.

"Chapuchapu, geuka nyuma utazame!" shangazi alisema kwa sauti ya juu. "Unauona ule mnara wa maji, na lile paa jekundu la ghala mbele yake? Wakati wa kurudi, mnara ukisimama sawasawa juu ya paa, uko kwenye njia salama. Mnara ukikimbilia kulia, wewe ndiye umepotea kulia. Rudi kushoto, la sivyo utakutana na miamba."

Kaka naye aligeuka kutazama. Ngu! Boti ikaruka.

"Gogo!" shangazi alifoka. "Nimemwambia Chapuchapu atazame, sikumwambia dereva!"

Walipofika kwenye boya la kijani, kaka akapunguza mwendo, boti ikasimama. Chapuchapu alikuwa ameshainuka kukichukua kiti cha dereva. Zamu yake! Ghafla akahisi baridi miguuni. Maji yalikuwa yanapanda kutoka chini ya sakafu, na sehemu ya nyuma ya boti ilikuwa imelala chini kuliko kawaida.

"Zima injini!" shangazi aliamuru. "Kizibo kimekaguliwa, kwa hiyo huu ni ufa. Ni lile gogo. Kijana, umepasua boti. Ingia huko mbele ukautafute, upesi!"

Kaka alijipenyeza chini ya sitaha ya mbele, akipapasa kila ubao. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Chapuchapu alikitazama kiti kile kitupu, akautazama na usukani. Akisema, usukani atausahau. Asiposema, kaka yake ataendelea kutafuta ufa usiokuwepo mpaka wazame wote.

"Shangazi, siyo gogo! Kizibo sikukitazama. Niliweka alama tu!"

Shangazi alimkazia macho kwa muda wa pumzi moja tu.

"Kijana, toka huko, shika ndoo! Wewe, kaa hapo, washa injini!"

"Mimi?"

"Kwani namwambia boya? Mimi nakwenda kwenye tundu. Tia moto na usipunguze! Boti ikikimbia, maji yanatoka kwa tundu lilelile. Ikisimama, yanaingia."

Injini ilikohoa, ikakohoa tena, kisha ikanguruma. Boti ilikuwa nzito kama ng'ombe mwenye mimba. Chapuchapu alisukuma mpini wa mwendo mpaka mwisho. Taratibu pua ikainuka, na nyuma yao maji yakaanza kufyonzwa nje. Mnara uko wapi? Ule pale! Lakini ulikuwa umekimbilia kulia mwa paa. Akapinda kushoto kidogo, kidogo tena, mpaka mnara ukakaa juu ya paa jekundu. Miamba ikapita upande wa kulia, karibu mno, povu likiruka juu yake.

Nyuma, shangazi alikuwa amelala kifudifudi. Alivua kitambaa cha kichwani, akakizungushia mpini wa bisibisi, akaushindilia kwenye tundu kwa ngumi. "Imeshika! Endelea hivyohivyo!"

"Ndoo ya hamsini!" kaka alihema. "Leo nimeyahamisha maziwa mawili!"

Walipofika ufukweni, Chapuchapu alimgeukia kaka yake. "Kaka, nisamehe," alisema. "Ulibeba lawama yangu."

"Nimebeba na maji yako," kaka alijibu, lakini akamshika bega.

Shangazi aliketi ukingoni mwa boti.

"Makosa ni mawili, na moja ni langu," alisema. "Mimi ndiye nahodha. Niliiamini karatasi, sikuitazama boti. Lako ni kubwa zaidi. Alama usiyoifanyia kazi ni uongo ulioandikwa, na uongo huo ulitaka kutuzamisha watu watatu. Wiki nne hutagusa usukani. Utakagua tu, nami nitakagua nyuma yako."

Chapuchapu aliinamisha kichwa.

"Ila sikiliza hili pia. Ungesubiri dakika tano zaidi, tungekuwa majini. Ukikosea, sema mapema, wakati kosa bado linarekebishika, hata kama unajua utaadhibiwa. Hivyo ndivyo watu wanavyorudi nyumbani wakiwa hai. Nyinyi wote wawili mmesikia?"

"Tumesikia, shangazi."

Chapuchapu hakuweza kujizuia. "Lakini shangazi… niliendesha vipi?"

Shangazi alijaribu kukunja uso, ikashindikana.

"Ulinyoosha njia mpaka basi," alisema. "Ningekuwa abiria, ningesinzia."