Mdoli Aliyetiwa Macho

Semeni aliyachora macho ya mdoli yakitazama mbele. Karatasi ya kwanza ilitoka kwenye printa macho yakitazama mlango wa ndani, wa chumba alicholala mwanawe, Sheima.

Alipiga miayo. Uchovu, akajisemea. Baba Sheima alikuwa Usoke tangu msimu wa tumbaku uanze, na hili duka la steshenari, chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu bibi yake pale Isevya, aliliendesha peke yake, mtoto akining'inia kwenye kanga yake. Aliangalia kompyuta: macho yanatazama mbele. Akaprinti tena. Mlango.

Mdoli huyo, wa kurasa za kupaka rangi alizouza, alimnakili kutoka kwa mdoli wa matambara aliyemkuta kwenye kasha la bibi, sura tupu kama kisahani. Watoto wa chekechea walimpaka rangi bila neno, mpaka mwalimu wao, Adelina, alipokuja dukani.

"Mama Sheima, mdoli wako kipofu bwana! Wanangu wananiuliza amelala au amekufa. Mtie macho."

Semeni alicheka, akamtia. Adelina akaondoka na bunda zima. Karatasi zilizoharibika alibaki nazo Sheima, azipake rangi.

Mchana ule Sheima hakulala. Usiku hakulala. Kesho yake pia.

"Lala, mama."

"Nikifumba, yeye anafumbua," mtoto alinong'ona.

"Nani?"

"Wa kwenye karatasi. Anasema yake hayaoni vizuri. Anaazima yangu."

Semeni alimbeba, akambembeleza, akasinzia yeye kabla ya mtoto. Adhuhuri ya siku iliyofuata, umeme ukiwa umekatika mtaa mzima na jua limenyamazisha hata kuku, alisikia printa ikikoroma kule dukani, ikivuta karatasi taratibu kama mzee anayevuta pumzi, na harufu ya udi ambao hakuna aliyeuchoma ikapita chini ya mlango, ikazunguka kitanda, ikatua upande aliolalia Sheima, na Semeni, mwili mzito kwa usingizi, akashindwa hata kunyanyua mkono kumvuta mwanawe.

Alipoweza kusimama, alimpigia simu shangazi yake, Zabibu, binti wa mwisho wa marehemu bibi.

"Shikamoo, shangazi," alimpokea mlangoni.

"Marahaba. Mnafukiza nini saa hizi?"

"Hatujafukiza."

Zabibu aliiona karatasi mezani. Akakaa chini, palepale sakafuni.

"Nani kamtia macho?"

"Mimi. Watoto walitaka..."

"Sisi tulichapwa kwa doa moja la mkaa usoni mwa mdoli! Mama hakutaka sura yoyote humu ndani." Akashusha sauti. "Kuna aliyekuja na misafara ya mababu. Wenzake waliondoka, yeye akabaki. Hana neno, ilimradi hana pa kuchungulia."

"Nitafuta, shangazi."

"Futa. Kusanya na kule shuleni. Ila ameshaonja kuona. Atataka kwingine."

Wote wawili walimgeukia mtoto.

Walikusanya kila karatasi, wakazichoma uani. Shangazi alisoma Ayatul Kursiyu mpaka sauti ikakauka. Harufu ya udi ilitoka uani, ikatoka dukani, ikatoka ukumbini, chumba baada ya chumba, mpaka ikabaki kitandani kwa Sheima, aliyelala chali, macho wazi, makavu, mekundu, hapepesi hata nzi alipotua kwenye kope.

Semeni alikaa pembeni ya kitanda. Hata machozi yalikuwa yamechoka.

"Mwache," alisema, kwa sauti aliyoitumia kwa wateja wa saa ya kufunga. "Huyu mdogo, anahitaji usingizi. Chukua macho yangu. Mimi kulala nilishasahau."

"Semeni! Usiseme!" Shangazi alimziba mdomo. Alikuwa amechelewa.

Sheima alifumba macho. Akaanza kukoroma, kidogo kidogo.

Wiki iliyofuata Adelina alikuja kuchukua kurasa mpya, sura tupu kama zamani.

"Afadhali umemrudisha kipofu wetu, walishamzoea. Ila pumzika, mwenzangu. Hayo macho yako mekundu kama umepikia kuni mbichi."

"Napumzika," alijibu Semeni, akimpa bunda.

Uso wake ulimwelekea Adelina, ukitabasamu. Alijaribu kumtazama. Macho hayakutii. Yalikuwa yameganda kwenye mlango wa ndani, ambako Sheima alikuwa amelala.