Siku Saba Bila Tembe

Nyumbani kwa Musembi, kule Riruta, dawa ilimezwa saa moja kamili asubuhi, baada ya chai na mkate. Si saa moja na dakika tano. Musembi mwenyewe alisimama kando ya meza, macho kwenye saa, mpaka mkewe ameze.

"Fungua mdomo nione," alisema.

"Baba Kiema, kwani mimi ni mtoto wa nasari?" Nthenya alijibu. Lakini alifungua.

Musembi alikuwa na sababu ya kuringa. Miaka tisa iliyopita aliugua kifua kikuu. Alimeza dawa miezi sita bila kuruka hata siku moja, akapona kabisa. Tangu hapo, kila mpangaji kwenye flati za Kileleshwa alikotunza jengo na geti aliijua hadithi hiyo, atake asitake. "Dozi haikatizwi," aliwaambia. Na kwa kifua kikuu, alisema kweli tupu.

Sasa mgonjwa alikuwa Nthenya, fundi wa kushona sare za shule. Alikuwa na saratani ya titi, nayo ilikuwa imefika kwenye mifupa. Hospitali moja mjini ilimpa dawa mbili. Moja ilikuwa tembe ndogo ya manjano, ya kila siku. Nyingine ilikuwa tembe kubwa, ya kumeza siku ishirini na moja, kisha kupumzika siku saba, kisha kupimwa damu kabla ya kuanza pakiti mpya. Walipewa pakiti mbili za tembe kubwa, wasipange foleni tena.

Siku ya ishirini na mbili, Musembi akafungua pakiti ya pili.

"Si tuliambiwa tupumzike?" Nthenya aliuliza.

"Kwani ugonjwa unapumzika? Meza, Mama Kiema."

Nthenya akameza. Utabishana vipi na mtu aliyepona?

Haikupita siku tatu, akaanza kuchoka. Vidonda vikamtoka mdomoni, hata chai ikamshinda. Alikaa mbele ya cherehani bila kuikanyaga. Siku ya ishirini na nane walienda mjini kupimwa damu. Majibu yalipotoka, wakaitwa kwa mfamasia, Philister Ochola, mama mpole asiyependa kuzungukazunguka.

"Mama, chembe nyeupe za damu yako ziko chini sana," Philister alisema. "Hizo ndizo askari wa mwili. Zikiwa chache hivi, homa ndogo tu inaweza kukulaza wodini. Na zisipopanda, daktari ataisimamisha hii dawa. Niambieni ukweli. Ile wiki mlipumzika?"

Nthenya angeweza kujibu. Alimwachia mwenye makosa. Musembi alitazama viatu vyake. Jamani, kukiri ni kazi, hasa kwa mtu aliyezoea kufundisha wengine.

"Ni mimi, daktari. Nilimpa wiki nzima. Mimi nilipona kifua kikuu kwa kutokatiza dozi, nikaona tukikatiza, hii kitu itarudi na nguvu."

"Asante kwa kusema. Wengi wananyamaza, sisi tunabaki kukisia. Kosa lako ni kuchukua sheria ya dawa moja ukaipeleka kwa dawa ingine."

Akavuta kiti karibu.

"Sikizeni. Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo ambavyo macho hayaoni. Seli moja hugawanyika, zinakuwa mbili. Ndani yake kuna protini ya kutoa ruhusa: sasa gawanyika. Kwa saratani kama hii ya mama, hiyo protini inatoa ruhusa ovyo, haikomi. Tembe kubwa ni kemikali iliyotengenezwa kuishika hiyo protini."

Musembi alikunja uso, akafikiri.

"Ngoja, daktari. Hiyo protini ni mtu wa geti. Amezembea, anafungulia kila mtu. Na dawa inamshika mkono asifungue."

Philister alicheka. "Miaka kumi nafanya hii kazi, sijawahi kusikia ikisemwa vizuri hivyo. Sasa, hata chembe nyeupe hutengenezwa ndani ya mifupa kwa kugawanyika. Zinapita geti hilo hilo."

"Kumbe nikifunga kila siku, askari wapya hawaingii kazini?"

"Ndiyo maana ya siku saba. Tunafungua, askari wanajaa, tunafunga tena. Ile ya manjano haina mapumziko. Hiyo inapunguza homoni inayolisha saratani. Mama, ukisikia homa, hata kama ni usiku, njoo hospitali. Na kabla ya dawa yoyote ingine, hata mitishamba, tuulize. Zingine zinagombana na hii."

Daktari aliisimamisha tembe kubwa wiki mbili. Musembi hakulala vizuri hata siku moja. Je, kama saratani ingetumia nafasi hiyo? Na kosa lingekuwa la nani? Walipopima tena, askari walikuwa wamepanda. Dawa ikaanza upya.

"Pakiti nitaweka mimi," Nthenya alisema, akaitia kwenye droo ya cherehani. Musembi hakubisha. Alichora kalenda ukutani, siku ishirini na moja za buluu, saba nyekundu.

Baada ya miezi mitatu Nthenya alipigwa picha ya mwili kule hospitali. Saratani haikuwa imeisha, lakini uvimbe ulikuwa umepungua sana. Tena alikuwa amerudi kwenye cherehani, akashona sare za darasa zima.

Siku hiyo ya majibu Philister alimwomba Musembi azungumze na wagonjwa waliokuwa kwenye benchi. Musembi alisimama, akanyoosha kola.

"Mimi ndiye nilimpa mke wangu dawa siku ya kupumzika," alianza. "Karibu nimmalize nikidhani namtibu."

Akawaeleza yote, protini, geti na askari. Alipomaliza, bwana mmoja mwenye kofia alimgeukia mkewe.

"Leo ni siku ya ngapi?"

"Ya ishirini na nne."

"Na asubuhi umemeza ile kubwa?"

Yule mama aliitikia kwa kichwa. Wakainuka wote wawili, wakaenda kubisha mlango wa Philister.

Musembi aliketi. Nthenya akamshika mkono, mbele ya watu wote. Katika miaka ishirini na sita ya ndoa hakuwahi kufanya hivyo. Musembi aliuacha mkono wake palepale, kifua mbele, mpaka jina lao lilipoitwa.