Mjomba Kasema

Kila siku akitoka shule, Redio alivua sare, akanawa mikono na kuketi kwenye kigoda chake katika chumba cha mbele. Chumba kilikuwa kimoja, kazi zilikuwa mbili. Upande wa dirisha ilikuwapo cherehani ya mama yake, na upande wa mlango meza ya mjomba wake, fundi wa simu. Kazi ya Redio ilikuwa kufumua mishono ya nguo za kupunguzwa na kupitisha sumaku sakafuni ili kuokota pini za mama. Mara nyingi sumaku ilinasa pia skurubu ndogo za mjomba, na hapo ndugu hao wawili walianza kubishana ni nani hasa anayechafua chumba.

Jina la Redio alipewa na wenzake darasani, kwa kuwa hakukuwa na habari iliyompita. Yeye hakulichukia. Aliona kwamba mwenye habari husikilizwa, na hakuna kitu alichokipenda kama kusikilizwa. Habari ikiwa fupi, aliirefusha kidogo. Ikiwa baridi, aliipasha moto.

Mjomba yeye alikuwa kinyume chake. Simu ya mteja aliilaza kifudifudi juu ya kitambaa cha njano, na ilipobidi kuiwasha, alimwita mwenyewe aje aifungue kwa mkono wake. Alichokiona humo hakukisema kwa mtu. "Ya mezani hubaki mezani," alimwambia Redio siku ya kwanza alipomruhusu kukaa pale. Ndiyo maana hata watu wasiowaamini ndugu zao wa damu walimwamini fundi huyo.

Juma hilo mtaa mzima ulikuwa ukizungumzia mfumo mpya wa simu. Kampuni moja kubwa ilikuwa imetangaza kwamba ingeuzindua Jumamosi, na kabla haujaonekana, kila mtu alikuwa ameshakuwa bingwa wake. Kinyozi alisema simu zitatumia jua, umeme basi. Muuza nyama alisema simu itapokea yenyewe na kuwajibu wanaokudai kwamba umesafiri. Ukiwauliza wameyatoa wapi, walikujibu kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Jumatano mwalimu mmoja alileta simu yake kubadilishiwa kioo, akamuuliza mjomba mfumo huo ni kitu gani hasa.

"Mfumo ni akili ya simu," mjomba alimjibu huku akipuliza vumbi. "Simu kuukuu hazitaupokea. Zitaendelea na akili zilizo nazo. Hizo mpya zitaupokea, ila mwenye simu ahifadhi kwanza picha na sauti zake mahali pengine, asije akazipoteza. Basi, hakuna zaidi."

Redio aliyasikia yote, sumaku mkononi.

Kesho yake wakati wa mapumziko, wasichana wa darasa lake walikuwa wamemzunguka mwenzao waliyemwita Mrefu. Kaka yake Mrefu alikuwa muuzaji katika duka la simu, na Mrefu alikuwa akieleza jinsi kaka yake atakavyoushika mfumo huo kabla ya watu wote. Walimsikiliza midomo wazi. Redio alisimama nyuma yao na hakuna aliyegeuka kumtazama. Roho ilimuuma.

"Kaka yako amekwambia na habari ya simu za zamani?" aliuliza.

"Zina nini?" Mrefu alisema.

Redio alikuwa na vipande viwili tu: simu kuukuu, na sauti zinazoweza kupotea. Akaviunganisha hapo hapo, kama anayeshona mkono wa shati kwenye suruali.

"Zile ambazo hazitaupokea, mfumo utazifungua wenyewe," alisema. "Picha, meseji, sauti, kila kitu kitatoka nje, na mtu yeyote ataweza kusikiliza. Dawa yake ni moja tu, uvifute vyote kabla ya Jumamosi."

Sasa wasichana wote walikuwa wakimtazama yeye.

"Nani kasema?" Mrefu aliuliza.

Hapo Redio angeweza kucheka na kusema anatania, na mambo yangeishia kwenye uwanja wa shule. Badala yake alisema, "Mjomba kasema."

Maneno hayo mawili yalitosha. Hakuna aliyeuliza tena.

Jioni alirudi nyumbani akiwa katikati ya kundi, si nyuma. Walipofika karibu na kwao walimkuta jirani yao akianua nguo. Mtaa ulimwita Mkunga, kwa kuwa kabla ya kustaafu alikuwa amewapokea duniani watoto wengi wa pale, Redio mwenyewe akiwa mmoja wao. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa amefariki mwaka uliopita.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu njoo." Mkunga aliweka shuka begani. "Nimesikia dukani habari ya mfumo huo, kwamba utatoa nje sauti za watu. Nikasema siwaamini hao, nitamngoja mtoto wa kwa fundi. Ni kweli?"

Redio alijua kwa nini anauliza. Ukuta wa chumba alicholala ndio uliokuwa ukuta wa jiko la Mkunga. Kila jioni, Mkunga akiosha vyombo, alisikiliza sauti ambazo marehemu alikuwa akimtumia kutoka safarini. Ilikuwa sauti nzito yenye kicheko ndani yake. Redio alikuwa ameizoea kiasi kwamba mara nyingine alipitiwa na usingizi akiisikia.

Alimtazama Mkunga. Kisha alimtazama Mrefu, aliyekuwa amesimama pale akisubiri jibu kama wengine.

"Ni kweli, Bibi," alisema. "Mjomba kasema."

Mkunga alitikisa kichwa polepole, akaendelea kukunja shuka. Jioni hiyo Redio hakusikia sauti yoyote ukutani. Alijiambia kuwa labda Bibi amechoka.

Ijumaa alipotoka shule, alikuta watu wamejaa mlangoni. Kinyozi alikuwapo, muuza nyama alikuwapo, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, kila mmoja na simu kuukuu mkononi. Wote walitaka wafutiwe kila kitu.

"Jamani, ngojeni," mjomba alisema. "Nani amewaambia mfute?"

"Si wewe mwenyewe?" kinyozi alishangaa. "Mtaa mzima unasema fundi kasema."

"Mimi?"

Redio alipiga magoti na kuanza kupitisha sumaku chini ya cherehani, mahali ambapo hapakuwa na pini hata moja. Masikio yalimwaka. Alingoja kusikia jina lake likitajwa, lakini hakuna aliyelitaja. Habari ilikuwa imepita midomo mingi mno, na jina lililobaki juu yake lilikuwa la mjomba peke yake. Hilo lilimtia aibu kuliko kutajwa.

Mjomba aliwaeleza taratibu, mara ya kwanza na mara ya pili, kwamba hakusema hivyo na kwamba simu zao hazitafanywa kitu. Waliondoka wakimtazama kwa shaka. "Leo hivi, kesho vile," muuza nyama alinung'unika, naye alikuwa mteja wa siku nyingi.

Walipokwisha kutawanyika, Mkunga aliingia. Alikuwa amevaa nguo zake nzuri.

"Mwanangu, sikuja na kazi," alimwambia mjomba. "Nimekuja kukushukuru. Ungeweza kunyamaza, kila mtu akafikwa na lake. Zile sauti za mzee nimezifuta. Nilimwomba kijana wa dukani airudishe simu kama ilivyotoka kiwandani. Mambo ya mtu na mkewe si ya kusikilizwa barabarani." Alijaribu kutabasamu, lakini mdomo ulikataa. "Imeniuma, lakini ahsante."

Mjomba aliweka bisibisi chini. Cherehani ya mama ilisimama. Mkunga aliwatazama mmoja baada ya mwingine, asielewe.

Redio alitamani sakafu ipasuke immeze. Alijua kwamba akinyamaza sasa hivi hakuna atakayejua. Alijua pia kwamba Bibi ataendelea kumshukuru mjomba kwa msiba ambao yeye Redio ndiye aliyeuleta, na kila akimsalimia atakumbuka.

"Ni mimi," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akalazimika kurudia. "Ni mimi, Bibi. Mjomba hakusema. Alisema simu za zamani hazitaguswa. Mimi niliongeza, nikasema kasema yeye."

Mkunga aliketi kwenye benchi la wateja.

"Kwa hiyo zingebaki," alisema.

Redio aliitikia kwa kichwa.

"Ningekuwa nazo mpaka leo," Mkunga alisema tena, safari hii kana kwamba anazungumza na kiganja chake. Hakumgombeza. Redio alilia, na hata kilio chenyewe alikionea haya, kwa kuwa aliyestahili kulia hakulia.

Mama alitundika mkasi ukutani. "Vaa viatu," alimwambia. "Uongo umeupitisha nyumba kwa nyumba. Na ukweli utapita huko huko."

Walizunguka mpaka giza likaingia, mama akisimama hatua chache nyuma bila kumsaidia hata neno. Kila mlango Redio alisema yale yale: mjomba hakusema, niliyasema mimi, si kweli. Kinyozi alicheka, kicheko kilichouma kuliko kofi. Muuza nyama aliinua sufuria kubwa iliyokuwa imepinduliwa juu ya kaunta na kuitoa simu yake iliyokuwa chini yake. "Nami nilikuwa nimeificha, mfumo usiione," alisema, na siku nyingine Redio angecheka. Kwa kina Mrefu ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Mrefu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa siku nyingine tukuaminije?" Redio alisema hajui.

Waliporudi, mjomba alikuwa mezani.

"Jina langu nimelijenga juu ya kitambaa hiki," alimwambia bila kuinua macho. "Nimelijenga kwa kunyamaza. Wewe umelichukua bila kuniomba, ukalivalisha uongo, ukalitembeza mtaani."

"Nisamehe, mjomba."

"Nitakusamehe. Lakini msamaha wangu haurudishi sauti ya mtu." Alivuta taa karibu. Mbele yake kulikuwa na simu nyeusi yenye kutu kwenye matundu. "Kwenye simu ya Mama Mkunga hakuna kilichobaki. Hii ni simu ya zamani ya marehemu mumewe, niliyomwomba ailete. Iliingia maji, mzee akaitupa kabatini. Aliyokuwa nayo mwisho ilikuwa ya kazi, waajiri wake waliichukua. Sauti aliyoituma mtu hubaki na kwenye simu yake pia, kwa hiyo huenda humu mna kitu. Huenda hamna. Shika tochi."

Jumamosi ilifika na mfumo mpya ukazinduliwa. Simu kuukuu za mtaa huo ziliita kama zilivyoita siku zote, na hakuna siri ya mtu iliyotoka nje. Kinyozi alisema alijua tangu mwanzo. Redio hakutoka nyumbani. Alishika tochi, akasafisha kutu kwa mswaki na spiriti jinsi mjomba alivyomwelekeza, akapitisha sumaku kila skurubu ilipoanguka. Mchana kioo kiliwaka, kikazima. Jioni kiliwaka tena, na hakikuzima.

Mjomba hakufungua chochote. Aliilaza simu kifudifudi juu ya kitambaa cha njano na kumtuma Redio amwite mwenyewe.

Mkunga aliifungua kwa mkono wake. Palikuwa na sauti chache tu, za miaka ya nyuma. Aligusa moja. Sauti nzito ikajaa chumbani, ikiuliza kwa hasira ya mzaha: soksi yake moja imewekwa wapi, au mkewe anataka yeye asafiri kama kuku, mguu mmoja juu? Mkunga alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha yakaendelea kutoka peke yake. Alizigusa zote. Zilipokwisha, aliendelea kukitazama kioo.

"Ile ya mlango haimo," alisema.

Redio aliijua ile ya mlango. Ndiyo aliyokuwa akiisikia ukutani karibu kila jioni, ya mwisho kabla taa ya jiko la Mkunga haijazimwa. Shingo ilimwinama.

"Wewe uliwahi kuisikia," Mkunga alimwambia. "Ukuta wetu ni mwembamba. Unaikumbuka?"

"Naikumbuka, Bibi."

"Iseme."

Redio aliwaza kuipamba, aitie maneno ya upendo ili Bibi afurahi. Akajizuia.

"Alisema, 'Nimefika salama. Mvua huku. Funga mlango, ulale.'"

Mkunga alifumba macho, akayafumbua.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Hujaongeza neno, hujapunguza neno." Alimshika kidevu na kumwinua uso, ingawa Redio hakutaka kuinuliwa. "Sikiliza, mjukuu wangu. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi sitakudanganya kwamba sijaumia. Lakini una masikio mazuri. Ukisikia jambo, lipeleke kama ulivyolisikia. Kama hukulisikia, sema hukulisikia. Watu wanaweza kupoteza kitu kikubwa kwa neno dogo ulilolitia wewe."

"Ndiyo, Bibi."

"Na kesho jioni upitie jikoni kwangu, uniambie tena ile ya mlango. Vile vile."

Redio aliitikia. Akachukua sumaku yake, akapiga magoti, akaanza kuokota skurubu na pini zilizotapakaa sakafuni.